Pil-rye na Oti za Mdogo Wake

Mtu wa vifurushi alitua gunia barazani, akapiga honi, akaondoka zake. Pil-rye alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye suruali, akainama kusoma kilichoandikwa, na hapohapo damu ikamchemka. Juu ya gunia palikuwa na picha ya mdogo wake, Jong-dae, amevaa kofia ya majani, anacheka mpaka ufizi unaonekana. Chini ya picha waliandika kwa herufi kubwa za kahawia: "Oti za Jong-dae wa Jeongeup. Uji wa afya, kama mama alivyotupikia."

"Alivyotupikia nani?" Pil-rye aliiuliza ile picha. "Wewe? Wewe mama alikupikia oti lini, muongo mkubwa wewe?"

Akalipiga teke. Gunia lilikuwa zito, halikusogea hata kidogo. Kilichoumia ni kidole chake cha mguu, na hilo nalo akambebesha Jong-dae.

Alikuwa mjane wa miaka sabini na mitatu, akiishi peke yake katika nyumba ya mwisho ya kijiji, na majirani walimjua kwa pilipili zake nyekundu na kwa mdomo wake. Pilipili alizianika juu ya mikeka uani kila vuli, na ole wake paka aliyepita juu yake. Mdomo ulikuwa unafanya kazi mwaka mzima. Lakini tangu mwaka jana mwili ulianza kumgomea. Sukari ilipanda. Jasho lilimtoka akiwa amekaa tu, likalowesha shati mgongoni kama mtu aliyebeba kuni. Kifua kiliwaka, tumbo likawa baridi, na chakula kikakaa humo kama jiwe. Hospitalini alipewa vidonge, akavimeza kwa utiifu, sukari ikashuka kidogo, ila ule moto wa kifuani ukabaki palepale.

Binti yake, Seon-ju, aliyekuwa akifanya kazi mjini Jeonju, alikuja siku hiyohiyo kumpeleka kwa tabibu wa dawa za jadi. Alilikuta gunia barazani, akafurahi.

"Mama, oti! Mjomba ana roho nzuri. Huko mjini watu wanazigombania."

"Wape hao watu wa mjini," Pil-rye alisema, akaingia kwenye gari na kubamiza mlango.

Tabibu Yeom alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi, sauti nene. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la mbegu, na ngazi nzima ilinuka mizizi inayochemshwa. Alimkalisha Pil-rye kitandani, akamwambia atoe ulimi.

"Ulimi wangu kijiji kizima wanaujua," Pil-rye alisema.

"Mimi sijauona. Toa."

Akautazama, akanung'unika. Kisha akaweka vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono wa kulia, akafumba macho, akakaa kimya kirefu. Akahamia mkono wa kushoto. Mwisho akabonyeza mfupa wa katikati ya kifua kwa kidole kimoja tu, na Pil-rye akapiga ukelele.

"Unataka kuniua?"

"Nimekugusa tu, mama. Ndipo ulipo ugonjwa wako. Huku juu kuna moto, huku tumboni baridi kama kisima. Huwezi kuponya kimoja ukaacha kingine. Umekasirika tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Nimeumia kidole."

"Hii si ya asubuhi," alisema tabibu. "Hii imelala humu muda mrefu."

Tabibu akamlaza, akamchoma sindano nyembamba tumboni, miguuni na katikati ya vidole, akamfunika miguu kwa shuka lenye joto, halafu akaanza habari za chakula. Wali mweupe upunguzwe. Vitu vya baridi viachwe. Na kila asubuhi, uji wa oti.

Kama si zile sindano, Pil-rye angeshuka kitandani na kwenda zake. "Uji wa nini?"

"Oti. Ni chakula kitamu kwa asili yake. Hakina baridi kama shayiri, wala hakina ukali. Kinalipa tumbo nguvu, kinakausha jasho hili la uchovu, na sukari haipandi kwa pupa. Lakini si kama wanavyokula vijana, kuziloweka kwenye maziwa ya friji na kuzila zikiwa baridi. Kwa tumbo lako hiyo ni kumwaga barafu kisimani. Wewe zipike polepole, tia kunazi kavu, tia kipande cha tangawizi, uzile zikiwa za moto, na utafune."

"Sili."

"Kwa nini?"

"Hicho ni chakula cha farasi."

"Farasi wana afya."

"Basi nenda ukatibu farasi!"

"Mama!" Seon-ju aliruka kutoka kwenye kiti. "Tabibu, tusamehe, mama yangu—"

"Usiniombee msamaha mbele yangu," Pil-rye alifoka, macho yakiwa darini, sindano zikitikisika tumboni. "Miaka sabini na tatu nimekula nilichobakiziwa. Leo nimepata wali wangu mwenyewe, kwa mchele nilioununua mwenyewe, mnakuja mnaninyang'anya kijiko mkononi? Na mnanipa nini? Oti! Oti za yule!"

Tabibu Yeom hakukasirika. Alivuta kiti, akakaa. "Yule nani?" aliuliza. Pil-rye akafunga mdomo wake, jambo ambalo Seon-ju hakuwahi kuliona.

Walirudi nyumbani. Mtoto wa watu hakuelewa, na angeelewaje? Pil-rye hakuwahi kumsimulia. Seon-ju alizaliwa wakati wali umeshakuwa kitu cha kawaida mezani, kitu cha watoto kuchezea.

Pil-rye alikulia kwenye nyumba ile ambayo sasa Jong-dae anaishi, karibu na shamba ambalo sasa ni la Jong-dae. Kila masika mchele uliisha kabla shayiri haijaiva. Hapo mama yao alitia chunguni shayiri kidogo ya mwaka jana, na pembeni kabisa, kwenye kona moja ya chungu, akaweka konzi ya mchele. Konzi moja tu. Ikishaiva aliichota taratibu kwa mwiko, asiichanganye, akaigawa kati ya bakuli la baba na bakuli la Jong-dae. Shayiri iliyobaki ilikuwa ya bibi yao. Mama na Pil-rye walikula uji wa oti mwitu, zile zilizojiotea zenyewe kati ya shayiri, ambazo Pil-rye alizing'oa akiwa amembeba Jong-dae mgongoni. Zilikuwa na maganda yanayokwaruza koo. Walizitwanga, wakazipepeta, wakazichemsha na majani, na bado zilikwaruza.

Siku moja, akimlisha mdogo wake, Pil-rye alichota kijiko kimoja cha ule wali akakitia mdomoni mwake. Kijiko kimoja. Utamu wake aliuhisi mpaka masikioni. Jong-dae, ambaye alikuwa ameanza kusema vizuri, akalia kwa sauti: "Dada amekula wangu! Dada amekula wangu!" Baba yao alitoka chumbani na kiko chake kirefu, akampiga nacho Pil-rye kichwani, mbele ya mama, na mama akaendelea kupangusa meza.

Miaka michache baadaye Jong-dae alipelekwa shule. Pil-rye alitolewa, kwa sababu alishajua kusoma jina lake na hilo kwa msichana lilitosha. Baadaye baba alipofariki, shamba lilikwenda kwa Jong-dae lote, na hakuna aliyeona ajabu. Pil-rye naye alinyamaza. Alikuwa ameolewa, ana watoto, ana pilipili za kuanika. Akadhani ameshasahau. Ndiyo maana lile gunia lilimshangaza yeye kwanza kabla ya mtu mwingine. Hakujua kwamba hasira inaweza kukaa ndani ya mtu muda wote huo na isichuje.

Mwezi wa kumi ilifika siku ya kumbukumbu ya kifo cha baba. Siku hizi Jong-dae alifanya tambiko mapema, jua likingali linazama, ili watoto na wapwa wawahi kurudi mjini. Pil-rye alikwenda asubuhi kusaidia kupika, kama kila mwaka. Jikoni alimkuta wifi yake, Ok-bun, mke wa Jong-dae, amesimama mbele ya masufuria matano, uso umemwiva kwa mvuke.

"Wifi, afadhali umekuja. Ndugu yako ameongeza jambo jipya. Anataka kila mtu anywe uji wa oti kabla ya kula. Amealika na watu wa chama cha wakulima."

"Anataka nini?"

"Usinitazame hivyo. Mimi napika tu."

Pil-rye alikaanga samaki, akakaanga vipande vya maboga, akamenya mapeasi, na kila kisu kilipogonga ubao Ok-bun alimtupia jicho. Jioni wanaume walivaa makoti. Meza ya tambiko iliwekwa mbele ya picha ya baba, nyama upande huu, matunda upande ule, na katikati bakuli la wali mweupe, umejaa mpaka umefanya kilima. Wanawake walibaki mlangoni mwa jikoni. Kwenye sebule, mbele ya wageni, zilipangwa bakuli za uji wa oti, na Jong-dae akasimama kusema maneno machache.

"Nyie watoto hamjui njaa," alisema. "Sisi mama yetu alitulea kwa uji huu. Masika hakuna kitu, anakwenda shambani, anachuma oti, anatupikia. Mimi na dada yangu pale tulikula bakuli moja, vijiko viwili. Ndiyo siri ya afya yangu. Si kweli, dada?"

Watu wote wakageuka wakatabasamu wakimtazama Pil-rye. Jong-dae naye alitabasamu, tabasamu lilelile la kwenye gunia.

Pil-rye aliweka chini mwiko aliokuwa ameushika. Akapita katikati ya wageni, akachukua bakuli moja la uji wa oti kwenye sinia, akaenda nalo mpaka mbele ya picha ya baba. Hapo wanaume walikuwa wamekwisha kuchomeka kijiko kwenye kile kilima cha wali, ishara kwamba marehemu ameanza kula. Pil-rye akaliondoa bakuli la wali pamoja na kijiko chake, akaweka uji mahali pake.

"Baba," alisema, "leo onja wewe."

Kisha akakaa chini, miguu ameikunja, mgongo ameupa wanaume wote, akaanza kula wali wa marehemu.

Kwanza hapakuwa na sauti isipokuwa ya kijiko chake. Halafu Jong-dae akapiga kelele. "Dada! Una wazimu? Baba bado anakula!"

"Alikula vya kutosha."

"Weka chini! Weka chini hilo bakuli! Watu wanaangalia!"

"Waangalie." Pil-rye aligeuka, wali mdomoni. "Waambie vizuri wageni wako. Oti nilikula mimi na mama. Wewe ulikula huu. Mweupe, wa moto, nilikulisha kwa mkono wangu, na punje zilizodondoka kwenye kidevu chako nilikatazwa hata kuzilamba. Nilichukua kijiko kimoja, ukanisemea, nikapasuliwa kichwa. Kovu hili hapa." Akavuta nywele zake nyeupe pembeni. "Njoo upige picha na hili, uliweke kwenye gunia."

"Nilikuwa mtoto!"

"Na mimi nilikuwa nani? Mtu mzima?"

Mmoja wa wana wa Jong-dae, aliyezoea kusuluhisha, alisema, "Shangazi, tafadhali, basi haya ni mambo ya zamani," na Pil-rye akamwambia kwamba kama ni ya zamani, baba yake asiyauze kwenye magunia. Yule kijana akarudi nyuma.

Ndipo Ok-bun alipotoka jikoni. Alikuwa mwanamke mpole, tangu aolewe hakuna aliyemsikia akipaza sauti ndani ya nyumba ile. Alivua aproni, akaitupa kifuani mwa mume wake, akaenda kukaa kando ya Pil-rye.

"Wifi, nipe na mimi," alisema. "Miaka yote napika, sijawahi kuula ukiwa wa moto."

Wakala pamoja, kijiko kimoja, wakipokezana, picha ya baba ikiwatazama. Wageni wa chama walitafuta viatu vyao.

Pil-rye alirudi nyumbani kwa basi, hasira imempanda mpaka kwenye kope. Hakujuta. Lakini alikuwa amekula bakuli zima karibu, na wali wa tambiko hushindiliwa. Kesho yake alipojaribu kuinuka, nyumba ilizunguka. Koo lilikauka, macho yakaingia ukungu, na kipimo cha sukari kilionyesha namba iliyomfanya Seon-ju, kwa simu, alie. Alikimbizwa hospitali, akalazwa.

Hapo ndipo hasira yake ilipofika mahali pa kuchekesha, kama angekuwa na moyo wa kucheka. Alilala ametazama chupa ya dripu ikidondosha matone, akifikiri: kitu pekee nilichokitamani tangu utotoni, nimekipata wakati kimekuwa sumu. Alikasirikia mchele, akakasirikia mwili wake, akamkasirikia mama yake, ambaye yeye hakuwahi kuthubutu kumkasirikia, kwa kule kupangusa meza. Huyu wa mwisho ndiye aliyemliza.

Alipotoka, alikwenda mwenyewe kwa Tabibu Yeom. Akapanda ngazi akihema, akakaa, akamweleza yote, kona ya chungu, kiko, wali wa tambiko. Tabibu alisikiliza huku amemshika mshipa wa mkono.

"Sasa utaniambia nimsamehe," Pil-rye alisema mwishowe.

"Mimi natibu tumbo na kifua," alisema tabibu. "Kusamehe si dawa yangu. Ila umesema, na mapigo yako leo yamelegea kidogo kuliko siku ile. Kasirika unavyotaka, mama, kwa sauti, usimeze. Lakini kasirika ukiwa umekula kitu cha moto asubuhi. Tumbo halijui oti zililetwa na nani."

"Linajua," alisema Pil-rye.

"Basi lizoee."

Siku chache baadaye Jong-dae alikuja. Pil-rye alikuwa barazani akikata vikonyo vya pilipili. Alimwona akishuka garini, amevaa koti lake la kwendea benki, uso umefura, akajua kwamba hakuja kumjulia hali.

"Umenidhalilisha," alianza kabla ya salamu. "Mbele ya watu wa chama. Ok-bun hapiki tangu siku ile, ananiambia nijipikie. Dada, nataka uje uwaombe radhi."

"Umekula leo?"

"Nini?"

"Nimekuuliza, umekula?"

Jong-dae akasita. "Mkate."

"Ingia jikoni."

"Sikuja kula."

"Hukuja kula, umekuja kupika. Gunia lako hilo hapo mlangoni, sijalifungua. Lifungue. Maji yapo, kunazi ziko kwenye mtungi, tangawizi dirishani. Nipikie uji."

"Mimi sijui kupika!"

"Kwenye gunia umeandika kama mama alivyotupikia. Hukuangalia anavyopika? Mimi niliangalia, wewe ukiwa mgongoni kwangu. Kidevu chako begani kwangu, tuliona wote. Pika, au ondoka, na hilo gunia uondoke nalo."

Walitazamana. Jong-dae alikuwa mzee wa miaka sabini, mwenye mashine ya kufungashia na picha yake madukani, na kwa kitambo alionekana kama atalibeba gunia kweli. Kisha akavua koti. Labda alikuwa na njaa. Labda nyumbani kimya cha Ok-bun kilikuwa kimemchosha. Pil-rye hakujali ni kipi.

Alimwaga oti nyingi kupita kiasi. Maji yakawa machache. Pil-rye alikaa kwenye kizingiti na pilipili zake mapajani, akimtukana kila hatua. "Koroga. Si hivyo, unapapasa nini? Koroga kutoka chini. Punguza moto. Nimesema punguza! Kunazi toa kokwa kwanza, unataka nivunjike meno?" Jong-dae alitoka jasho, akajiunguza kidole, akatukana naye, na sufuria ikaanza kunuka kuungua.

"Yale maneno ya kwenye gunia," Pil-rye alisema. "Utayafuta."

"Magunia yamechapishwa tayari. Maelfu."

"Utayafuta."

"Niandike nini? Kwamba baba alikupiga? Nani atanunua?"

"Usiandike kitu. Weka ufizi wako peke yake."

Alikoroga. Baada ya muda alisema, bila kugeuka, "Ule wali. Nilikuwa nauacha kidogo chini ya bakuli. Nilidhani wewe ndiye unayekula."

"Bibi ndiye aliyekuwa anakula."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Alileta bakuli mbili barazani. Uji ulikuwa na mabonge, una ladha ya moshi, ila ulikuwa wa moto, na kunazi zilikuwa zimeachia utamu wake. Haukukwaruza koo. Hilo ndilo lililomkera Pil-rye zaidi kuliko yote, kwamba ulikuwa mzuri. Ulishuka taratibu mpaka kwenye ile baridi ya tumboni na kukaa pale. Akala mpaka akaona chini ya bakuli, macho yamemjaa machozi, akamwambia Jong-dae ni mvuke wa tangawizi na asithubutu kusema neno.

Hakwenda kuwaomba radhi watu wa chama. Magunia mapya yalipotoka majira ya baridi, mama hakutajwa, na yale ya zamani yaliendelea kuuzwa mpaka yakaisha, kwa sababu Jong-dae ni Jong-dae. Ok-bun alirudi jikoni kwa masharti yake: tambiko la mwaka unaofuata, wanaume wakaange samaki. Pil-rye anakunywa uji wake kila asubuhi. Jasho limepungua, sukari imetulia, na Tabibu Yeom akimbonyeza kifuani bado anapiga ukelele, ingawa si mkali kama wa kwanza.

Siku ile, walipomaliza kula, Jong-dae alisimama akachukua koti lake.

"Unakwenda wapi?" Pil-rye alimuuliza.

"Nyumbani."

"Na sufuria uliyoiunguza?"

Akarudi jikoni. Pil-rye akasikia maji yakifunguliwa, na sifongo ya chuma ikikwaruza, polepole, kivivu.

"Kwa nguvu!" alimpigia kelele kutoka barazani, akachukua pilipili nyingine. "Kwa nguvu, Jong-dae! Hiyo haitoki kwa kubembelezwa!"